Kikombe chenye uzi mwekundu

Poleni na jua la leo na foleni ya maji.

Leo naongea na wewe unayetenga kikombe. Katika bloku yetu kuna mama mjamzito aliyepimwa damu, akaambiwa ana homa ya ini aina ya B. Siku ya tatu kikombe chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu, mwingine asije akakinywea. Bombani wenzake walisubiri amalize ndipo wasogee. Hata mimi ninayeshika maikrofoni hii, alinikaribisha ugali nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa.

Ndugu zangu, tunachanganya. Homa ya ini ina aina tano. A na E huingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. E ndiyo iliyozuka kambini Dadaab, Kenya, mwaka 2012, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito. Hiyo nawia mikono kwa sabuni, funikia ndoo. Lakini B haipiti kwenye ugali. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kukumbatiana au kula sahani moja hakukuambukizi.

Sasa angalia. Kikombe tumekifunga uzi, lakini wembe mmoja unanyoa vichwa sita chini ya mwembe! Kirusi cha B huweza kukaa siku 7 nje ya mwili, hata kwenye tone la damu usiloliona. Wembe wa chale, sindano ya kutoboa masikio, mswaki wa kuazimana: huko ndiko kwa kuogopa.

Wengine wanasema, mbona mama huyo hana macho ya manjano? Wengi wenye B hukaa miaka bila dalili yoyote, huku ini likiharibika polepole. Wala hakulogwa.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda kirusi chenyewe. Mtoto mchanga hawezi: takriban 9 kati ya 10 hubaki nacho. Kwa hiyo mama, kliniki uliza kipimo cha B. Uliza pia chanjo ya saa 24 za kwanza, na usikose zile za wiki ya 6, 10 na 14.

Jirani yangu amesita kurudi kliniki. Haogopi sindano, anaogopa macho ya watu wa bombani. Jumamosi nilikwenda kwake nikaomba ugali. Alinitazama sana kabla ya kupakua.