Miaka 14 Kazini, Mkataba wa Mwaka Mmoja: Nani Anahesabu Utumishi wa Mwalimu wa Shule Binafsi?

(Maneno haya niliyasema kwenye kongamano la ndani la vijana wa chama ngazi ya mkoa. Wengi mliomba yaandikwe, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.)

 

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie ajira za vijana. Naomba nizitumie zote kwa kundi moja ambalo majukwaani hatuligusi: walimu wa shule binafsi. Sisi tukisema "walimu" huwa tunamaanisha walimu wa Serikali. Tunadai madaraja yao, tunadai malimbikizo yao, na ni haki kabisa. Lakini hebu nyosheni mikono. Nani hapa anafundisha shule binafsi, au ana ndugu wa karibu anayefundisha huko? Mnaona wenyewe. Mikono ni mingi kuliko nilivyotegemea.

Mshahara wao tutauzungumza siku nyingine. Leo nazungumzia jambo ambalo watu wanaliona dogo: nani ni mkubwa kazini, nani apandishwe cheo, na nani anaamua.

Mama yangu mdogo anafundisha shule ya msingi, hizi za English medium. Jina la shule nalihifadhi. Aliingia pale shule ina madarasa manne. Leo ina ghorofa na mabasi ya njano yanapita mitaani kila alfajiri. Amefundisha hisabati miaka 14. Nafasi ya mtaaluma ilipobaki wazi, akapewa kijana aliyekuwa na miezi mitano tu kazini, mtoto wa kaka yake mwenye shule. Mama mdogo hakugombana na mtu. Aliandika barua ya kistaarabu kuuliza vigezo vilivyotumika. Akaitwa ofisini, akafunguliwa faili, akaambiwa: "Mwalimu, kwa mujibu wa mkataba, wewe una mwaka mmoja."

Mnaelewa hapo? Kila Januari anasaini mkataba mpya wa miezi 12. Kwenye makaratasi, mwanamke aliyewafundisha watoto ambao leo wako vyuo vikuu ni mgeni kila mwaka. Na yule kijana, asubuhi anamfuata kumuuliza azimio la kazi linaandikwaje, mchana anamkagua yeye andalio la somo.

Sasa mimi nasoma sheria, kwa hiyo nilikwenda kutafuta. Nilitaka kujua sheria ya nchi inasema nini kuhusu mwalimu wa namna hii. Nitawaambia nilichokuta, na sehemu yake haifurahishi.

Tuanze upande wa Serikali ili tulinganishe. Mwalimu wa Serikali yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2015. Ana muundo wa utumishi. Mwenye cheti anaanza TGTS B, mwenye diploma TGTS C, mwenye shahada TGTS D, na ngazi zinaendelea kupanda. Ana tarehe ya kuajiriwa, ana tarehe ya kuthibitishwa, ana tarehe ya daraja la mwisho. Je, ngazi hiyo haikwami? Inakwama sana. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha upandishaji vyeo kupisha uhakiki, watu wakakaa miaka pale pale, mpaka tukajifunza neno "mserereko". Lakini mwalimu yule anaposema "nimecheleweshwa", ana karatasi ya kuonyesha amecheleweshwa kutoka wapi kwenda wapi. Kuna ngazi. Anabishania ngazi inayojulikana.

Mwalimu wa shule binafsi anabishania kitu ambacho hakipo. Tume ile haimhusu. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilizitaja shule binafsi kama sekta yenye kima chake. Ni sawa, lakini kima cha chini ni sakafu tu. Hakisemi mwenye miaka 14 awe wapi na mwenye miezi mitano awe wapi. Kwa hiyo anabaki na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, sawa na mfanyakazi wa kiwanda au wa hoteli.

Je, sheria hiyo inampa haki ya kupandishwa cheo kwa sababu amekaa muda mrefu? Jibu ni hapana. Hakuna kifungu kinachosema hivyo. Cheo kinakuwa haki pale tu kilipoandikwa: kwenye mkataba wako, kwenye kanuni za utumishi za shule, au kwenye mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Kisipoandikwa, kinabaki kuwa busara ya mwenye shule, na ukienda kudai, utaulizwa: ahadi iko wapi?

Mwaka jana nilikuwa field kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasaidia watu kujaza Fomu Namba 1 ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Walimu walikuja, na karibu wote walikuja na hadithi ndefu na mfuko mtupu. Mtu ana miaka tisa, hana nakala hata moja ya mkataba. Mwingine aliahidiwa ukuu wa idara mdomoni, mbele ya chai. Mwingine alirukwa Januari akaja Juni. Sasa sikilizeni hili vizuri: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwemo hii ya vyeo, ndani ya siku 60. Ukichelewa unatakiwa kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. "Nilikuwa nasubiri meneja arudi safari" ni sababu ngumu sana kuisimamia.

Lakini sikuja kuwavunja moyo. Sheria ina milango, tatizo haitumiki. Nitaje mitatu.

Mlango wa kwanza ni kifungu cha 15. Mwajiri analazimika kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yako, tarehe uliyoanza, muda wa mkataba, malipo yako. Na mambo yakibadilika, maandishi yabadilishwe kwa kushauriana na wewe. Utamu uko mwishoni. Mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wa kwake. Mwalimu anayesema "mimi sina mkataba, basi sina haki" ameelewa kinyume kabisa.

Mlango wa pili ni kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kazini. Kifungu hicho kinataja upandishaji cheo kwa jina, pamoja na tathmini za utendaji na mafunzo. Huwezi kumruka mtu kwa sababu ya kabila au alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri, au maoni ya kisiasa. Hapo kwenye maoni ya kisiasa naona mnatabasamu. Dada zangu, na ninyi sikieni: likizo ya uzazi ni siku 84 kwa sheria. Ukirudi ukakuta nafasi yako ya kupanda imepewa mwingine kwa maneno ya "wewe sasa hivi una mtoto mchanga", huo ni ubaguzi. Ukionyesha ushahidi wa awali tu, mwajiri ndiye anayepaswa kujieleza.

Ila orodha ile haina neno "undugu". Mwenye shule akimpa cheo mpwa wake kwa sababu ni mpwa wake, kifungu cha 7 peke yake hakikusaidii, labda uthibitishe nyuma yake kuna ukabila au udini. Kesi ya mama yangu mdogo inaangukia hapo hapo, kwenye hilo pengo.

Mlango wa tatu ndio unaoziba pengo: kujiunga. Sheria inawapa wafanyakazi haki ya kuwa na chama. Chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika la majadiliano, mwajiri analazimika kukitambua na kujadiliana nacho kwa nia njema. Mkisaini mkataba wa hali bora, unabana. Humo ndimo mnaandika mambo haya: miaka ya mikataba mfululizo ihesabiwe kama utumishi mmoja, nafasi ya madaraka ikiwa wazi itangazwe ubaoni kwanza, vigezo vijulikane kabla ya uteuzi, aliyekosa apewe sababu kwa maandishi. Hakuna hata moja hapo linaloongeza ada ya mzazi.

Na miaka kuhesabiwa si suala la heshima tu, ni hela. Kifungu cha 42 kinampa anayeachishwa kazi malipo ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza mfululizo, mpaka miaka kumi. Lakini ambaye mkataba wake umekwisha kwa muda wake kufika hapati malipo hayo. Sasa mnaona mkataba wa mwaka mmoja unafanya kazi gani? Kanuni za mwaka 2017 zilisema mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu usipungue miezi 12, ili mtaalamu asiajiriwe kwa miezi mitatu mitatu. Baadhi ya waajiri wakaigeuza kinga ikawa kalenda ya kumrudisha mtu mwaka wa kwanza kila Januari.

Najua mwenye shule atasema nini. Atasema: shule ni yangu, mkopo wa benki ni wangu, matokeo yakishuka wazazi wananikimbia mimi, niache nimweke ninayemwamini. Na atasema ukongwe si ubora, kuna mwalimu wa miaka ishirini anayesoma madaftari ya mwaka alioajiriwa. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mimi sisemi cheo kigawiwe kama foleni ya sukari. Pima matokeo, pima mahudhurio, pima elimu ya mtu, na miaka yake iwe mojawapo ya vipimo. Ninachosema ni kwamba kipimo kijulikane kabla mtu hajapimwa. Wenye shule wenyewe wanalijua hilo. Wana vyama vyao, TAMONGSCO ni kimojawapo, na wanapokwenda kuzungumza na Serikali kuhusu kodi na tozo wanataka vigezo vinavyoeleweka, siyo busara ya afisa. Basi wanachokidai juu wakitoe na chini.

Wengine wataniambia haya ni mambo ya kigeni. Si kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, iliundwa huduma moja ya walimu iliyowaweka walimu wa Serikali na wale wa shule za misheni zilizopata ruzuku chini ya masharti yanayofanana. Kiongozi wa nchi wakati huo alikuwa mtu aliyefundisha shule za misheni mwenyewe, St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu. Taifa maskini kuliko hili la leo liliona kwamba mwalimu ni mwalimu, awe ameajiriwa na nani.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, Mheshimiwa Mwenyekiti, na naomba yaingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwanza, tawi la vijana vyuoni lianzishe kliniki ya mikataba. Sisi wanafunzi wa sheria tupo, Jumamosi tuko huru. Mwalimu aje na alichonacho, tumsaidie kudai nakala ya maelezo yake ya ajira, na tumwandikie kalendani siku zake 60 zinaisha lini.

Pili, sera ya elimu ya chama itamke wazi kwamba tukipata ridhaa ya wananchi, usajili wa shule binafsi utaambatana na kanuni za utumishi zilizoandikwa, zenye ngazi za walimu na utaratibu wa kupanda. Shule inakaguliwa vyoo, inakaguliwa madawati, ikaguliwe na hili.

La tatu ni gumu, nalisema kwa heshima. Wako wanachama wetu wanaomiliki shule. Wengine wako humu ukumbini, wametulisha, wametukopesha magari wakati wa kampeni, na tunawashukuru. Naomba shule zao ziwe za kwanza kusaini mkataba wa hali bora na walimu wao, kabla ya mwaka wa masomo ujao. Hatuwezi kusimama jukwaani kudai Katiba yenye ukomo wa madaraka na uteuzi wa haki, halafu shuleni kwa kamanda mtaaluma anateuliwa sebuleni. Wakikataa, waje watueleze hapa hapa kwa nini, tuwasikilize.

Mwalimu yeyote aliye humu ambaye alirukwa mwezi huu au uliopita, nitakuwa pale mlangoni baada ya kikao. Njoo na tarehe, njoo na karatasi yoyote uliyonayo, hata kama ni meseji ya simu.