Hii Ilikuwa ya Miezi Ipi?

Wewe mama mwenye nyumba uliyekaa barazani na redio yako, leo nazungumza nawe hasa. Hebu lete lile daftari la wapangaji.

Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam huandika hivi: "Chumba cha mbele, 300,000, tarehe 1 Machi." Basi, daftari linafungwa. Miezi ikipita, kesi inafika kwa mjumbe, na ukisikiliza vizuri, hakuna anayekana kwamba pesa ilitolewa. Kinachobishaniwa ni ilikuwa ya miezi ipi.

Kwa hiyo kando ya kiasi andika "kuanzia" na "hadi". Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi, mmepatana miezi sita kuanzia Machi, yaani 480,000, naye kaja na 300,000. Hiyo inamfikisha mwisho wa Mei, na 60,000 inaingia Juni. Andika hivyo hivyo: Juni bado 20,000. Siku akileta 180,000 iliyobaki, 20,000 inafunga Juni, 160,000 inamaliza Julai na Agosti. Tieni sahihi wote wawili, umpe na stakabadhi, nakala ibaki kwako.

Pesa ya simu ina mtego wake. Aliyepanga ni dada, ujumbe unaingia na jina la shemeji yake. Andika papo hapo ni ya chumba kipi, pamoja na namba ya muamala. Simu huibiwa.

Sasa umeme wa LUKU, na hapa wengine mtanikasirikia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa miezi sita ni 9,000 aliyokulipia, na wapo wenye nyumba wanaojifanya hawaijui. Iingize kwenye ukurasa wake kama pesa uliyopokea, umpunguzie kwenye pango. Na kama vyumba vinne vinachangia mita moja, kwanza uliza ni nani aliyenunua LUKU ya kwanza mwezi ule, maana makato huanzia hapo, na wote wanne watasema ni wao.