Manukuu ya Video: Yawashwe Toka Mwanzo

(Mazungumzo kwa wakazi wa Vitengeni, Kaunti ya Kilifi)



Siku hizi matangazo mengi ya umma huja kwa video. Chanjo ya watoto, dawa ya mifugo, tahadhari ya ukame, siku ya kutoa maoni kuhusu bajeti: mwananchi hufungua simu, akabonyeza, akasikiliza. Lakini kiziwi huona midomo ikicheza tu. Mzee aliyepungukiwa na masikio ni vivyo hivyo, na hata aliyepanga foleni kwenye mashine ya kusaga unga.

Dawa ipo, nayo ni manukuu: maneno yanayosemwa, yakiandikwa chini ya picha. Manukuu kamili huandika pia sauti zisizo maneno, kama vile king'ora au makofi.

Swali ni hili: video ikifunguka, manukuu yawe yamewashwa au yamezimwa?

Kwa kawaida, kivinjari huyaacha yamezimwa. Anayetengeneza ukurasa huweka video, na pamoja nayo faili ndogo ya maandishi yenye kila sentensi na dakika na sekunde zake. Asipoongeza agizo kwamba manukuu hayo ndiyo ya kuanza nayo, hulala mpaka mtazamaji abonyeze kitufe, ambacho mara nyingi kina herufi CC. Faili isipokuwepo, kitufe hakina cha kuonyesha.

Hapo ndipo penye uzito. Manukuu yakiwa yamezimwa, anayesikia vizuri hapotezi kitu. Anayeyahitaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuyatafuta, na huenda hajui kwamba yapo. Yakiwashwa toka mwanzo, asiyeyataka huyazima kwa kubonyeza mara moja.

Wapo wanaosema maandishi yachapwe juu ya picha yenyewe. Njia hiyo husaidia, lakini bando likiwa dogo video hushushwa hadi 144p, picha ikawa ukungu na maandishi hayo yasisomeke. Manukuu ya faili huchorwa na kivinjari, kwa hiyo herufi hubaki safi, na wachezaji wengi wa video huruhusu kuzikuza. Faili ni maandishi matupu, hailii bando kama picha. Tena video moja inaweza kubeba faili kadhaa: Kiswahili, Kiingereza, hata Kigiriama.

Hili si jambo la hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Tayari Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilivitaka vituo vya televisheni viweke lugha ya ishara au manukuu katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Leo mwananchi hutazama kwenye simu.

Hata hivyo, manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani. Kuna viziwi ambao lugha yao ya kwanza ni ya ishara, na wapo wasiojua kusoma. Vyote viwili vinahitajika.

Kwa mtazamaji: kwenye YouTube, abonyeze CC, kwenye kompyuta, herufi C ya kibodi hufanya kazi hiyo hiyo. Simu nyingi za Android zina sehemu ya manukuu ndani ya Mipangilio, chini ya Ufikivu, ingawa si kila programu huifuata.

Kwa ofisi inayotoa video: manukuu yaliyotengenezwa na mashine yasomwe na mtu kabla ya kutolewa, hasa majina ya mahali, tarehe na kiasi cha pesa. Tarehe ikikosewa, mtu atatumia nauli kutoka Vitengeni hadi Ganze akute hakuna kikao.

Na mwananchi akikuta video ya umma isiyo na manukuu, aiulize ofisi iliyoitoa. Swali hilo lina nafasi katika kikao cha maoni ya umma, sawa na swali la maji au la barabara.