Sera ya nje, marafiki na bei ya mafuta: hoja tatu tunazoskia kwa kila mdahalo

Uzi wa leo ni mrefu kidogo kwa sababu ni maneno niliyoongea mbele ya wenzangu wa sayansi ya siasa, na wengi mliomba niyaweke hapa. Sheria ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafafanua hoja, halafu wewe unaamua.

1.
Ukifuatilia midahalo yetu utagundua kitu. Mwananchi anauliza swali rahisi: mbona mafuta yamepanda? Anayejibu anaruka moja kwa moja hadi Ghuba, hadi Marekani, hadi Uganda. Hapo sera ya nje inageuka kuwa kisingizio au kuwa dawa ya kila kitu.

Nimezisikiliza hizi hoja mpaka nimezipanga kwa mafungu matatu. Ya kwanza: "Tukiwa marafiki wa wenye mafuta, bei itashuka." Ya pili: "Msimamo wetu kwa nchi za nje haumhusu mwananchi wa kawaida." Ya tatu: "Bandari ni yetu, hao majirani wataenda wapi?" Tuziangalie moja moja, na tuanze na mwaka wa 1973, kwa sababu mwaka huo unajibu mbili za kwanza.

2.
Tarehe 6 Oktoba 1973, Misri na Syria zilishambulia majeshi ya Israeli kwenye maeneo yaliyotekwa mwaka wa 1967. Vita vilipokuwa vinaendelea, Marekani iliamua kuipelekea Israeli silaha kwa ndege, tena waziwazi. Tarehe 17 Oktoba nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilikutana Kuwait, zikaamua kupunguza uzalishaji kwa asilimia 5 kila mwezi. Siku chache baadaye Saudi Arabia na wenzake wakafunga kabisa mafuta ya kwenda Marekani.

Kumbuka, Saudi Arabia haikuwa adui wa Marekani. Walikuwa marafiki wa miaka mingi. Kwa hivyo funzo la kwanza ni hili: mshirika anaweza kuvumilia mengi, lakini kuna jambo moja ambalo kwake ni mstari mwekundu. Ukilivuka, urafiki wa miaka thelathini hauzuii afunge mfereji.

3.
Sasa angalia vile washirika wa Marekani walijipanga. Ureno iliruhusu ndege za Marekani zitumie kambi ya visiwa vya Azores, na baadaye ikawekewa vikwazo vya mafuta. Uholanzi nayo ilionekana kuunga mkono Israeli, ikafungiwa. Waholanzi wakaanza Jumapili bila magari, barabara kuu zikabaki za baiskeli na watembea kwa miguu. Nchi nyingine nyingi za Ulaya zilikataa anga na kambi zao kutumika. Mwezi Novemba, nchi tisa za Jumuiya ya Ulaya zikatoa tamko lililoegemea upande wa Waarabu kuliko walivyozoea. Japani, ambayo ilitegemea mafuta ya nje karibu kwa kila kitu, ikafanya vivyo hivyo wiki chache baadaye.

Yaani uamuzi mmoja wa Washington ulifanya kila mshirika aulizwe: wewe uko upande gani, na tenki lako liko na siku ngapi?

4.
Hapa ndio Kenya inaingia. Mapema Novemba 1973 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika katika wiki hizo. Kulikuwa na sababu ya msimamo, ya mshikamano wa Afrika, kwa sababu Misri ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika na ardhi yake ilikuwa imekaliwa. Na pia kulikuwa na matumaini ya mafuta.

Kwa upande wa vikwazo, ilifaa: Kenya haikuwekwa kwenye orodha ya maadui. Lakini bei je? Pipa moja lilikuwa karibu dola 3 kabla ya vita. Januari 1974 bei rasmi ilikuwa dola 11.65. Karibu mara nne. Na hiyo bei haikuuliza nani rafiki na nani adui. Nchi za Afrika ziliomba zipunguziwe bei, zikaahidiwa misaada na mikopo. Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika ilizaliwa kutokana na uamuzi wa wakati huo. Mkopo ni kitu kizuri, lakini mkopo si bei nafuu. Unarudishwa.

5.
Kwa nini urafiki haukushusha bei? Kwa sababu mafuta yanauzwa kwa soko la dunia. Kampuni ikinyimwa ya Saudi Arabia inanunua ya Iran au Nigeria, meli zinabadilishana njia, na upungufu unagawanyika kwa wote. Vikwazo vinamlenga mmoja, lakini bei inawapiga wote, na inawapiga zaidi wale wasio na akiba.

Nchi tajiri zilielewa haraka. Mwaka wa 1974 zikaunda Shirika la Kimataifa la Nishati, na wanachama wakakubaliana kuweka akiba, ambayo leo ni ya siku 90 za mafuta wanayoagiza. Hawakutegemea kupendwa, walijenga matenki.

Kwa hivyo hoja ya kwanza imejibiwa: urafiki unaweza kukupa mafuta yakiwa haba, unaweza kukupa muda wa kulipa, lakini haukupi bei yako peke yako. Na hoja ya pili pia imejibiwa, kwa sababu mama aliyenunua mafuta ya taa mwaka wa 1974 alilipia uamuzi uliofanywa Washington na Kuwait, miji ambayo hakuwahi kuiona.

6.
Tuje nyumbani, hoja ya tatu. "Bandari ni yetu." Hii huwa inapigiwa makofi sana, na naomba tusiipigie haraka.

Ni kweli Mombasa ni mlango. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya Uganda hupitia kwetu: bomba hadi Eldoret na Kisumu, halafu malori hadi Malaba na Busia. Nguvu hiyo tumewahi kuitumia. Julai 1976, baada ya ndege za Israeli zilizotoka kuokoa mateka Entebbe kupitia Nairobi, uhusiano na Uganda uliharibika vibaya. Wakenya waliokuwa wakiishi kule waliuawa. Kenya ikakaza masharti, ikadai malipo ya mizigo kwa shilingi ya Kenya, na Uganda ikakosa mafuta. Mwezi wa Agosti pande mbili zikakaa mezani. Kwa hivyo ndiyo, bandari ni silaha, na ilifanya kazi.

Lakini ukimkaba jirani mara moja, hawezi kusahau. Mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wetu zilipofunga barabara na reli, Kampala na Kigali zikakauka mafuta. Hapo hakuna aliyekusudia. Kwa jirani haijalishi kama ulikusudia. Anachoona ni kwamba mlango wake uko kwa nyumba ya mtu mwingine.

7.
Mwaka wa 2016 Uganda ilikuwa inachagua njia ya kupitisha mafuta yake ghafi. Sisi tulitaka yapite Kenya hadi Lamu, yaungane na ya Turkana. Uganda ikachagua Tanga, Tanzania, bomba la kilomita 1,443. Sababu zilizotajwa zilikuwa gharama, usalama na fidia ya ardhi. Kila moja ya hizo ni uamuzi wa serikali, si bahati mbaya. Mafuta ya Turkana yakabaki bila mwenza, na shehena ya kwanza ya mwaka wa 2019 ililetwa Mombasa kwa malori.

8.
Halafu 2023. Kenya ilikuwa na uhaba wa dola, na mafuta pekee yalihitaji karibu dola milioni 500 kila mwezi. Machi mwaka huo ikaingia mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni tatu za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, tupewe mafuta tulipe baada ya siku 180. Ukiangalia Nairobi, ilikuwa na maana: presha ya dola inapungua leo. Gharama yake iko kwa ubadilishaji wa fedha. Shilingi ikishuka ndani ya hiyo miezi sita, deni linapanda, na kuna mtu atalipa tofauti.

Ukiangalia Kampala ni picha nyingine. Wafanyabiashara wa mafuta wa Uganda hawakuwa kwenye meza ya mkataba, na ilibidi wanunue kupitia kampuni za Kenya. Novemba 2023 uongozi wa Uganda ukalalamika hadharani kuhusu madalali, ukabadilisha sheria ili kampuni yao ya taifa, UNOC, iagize peke yake kwa kushirikiana na Vitol Bahrain. Kenya ikachelewesha leseni. Desemba Uganda ikatushtaki kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na huku inazungumza na Tanzania. Mwishowe, 2024, leseni ikatolewa na mwezi wa Julai UNOC ikaanza kuleta mafuta yake kupitia Mombasa.

Tulimbakisha mteja, lakini kwa masharti yake.

9.
Nani angeumia kama angeenda? Si yule anayepigiwa makofi jukwaani. Ni dereva wa lori, fundi wa matairi kule Salgaa, mama wa hoteli Malaba, kijana wa kupakia Eldoret. Bomba letu hulipwa kwa kila lita inayopita. Lita zikipungua, gharama ya kuliendesha inabaki kwa Mkenya, na utaiona usiku wa tarehe 14 EPRA ikitangaza bei mpya.

Simaanishi Kenya isiwe na msimamo. Kuna wakati nchi inafaa kusema ukweli hata kama utaigharimu. Shida yangu ni mtu anayetuuzia msimamo kama wa bure, au anayetisha jirani kana kwamba Dar es Salaam na Tanga hazipo.

10.
Kwa hivyo mdahalo ujao, ukipewa maiki, uliza haya manne:
Moja, uamuzi huu unagusa mstari mwekundu wa nani?
Mbili, tuko na akiba ya mafuta ya siku ngapi mambo yakiharibika?
Tatu, majirani wanaopitia kwetu waliulizwa kabla au baada ya kutia sahihi?
Nne, gharama ikija, italipwa na nani, na lini?

Asiyeweza kujibu, hata kama anaongea vizuri namna gani, bado hajafanya kazi yake.

Wale wa Busia na Malaba, naomba mchangie hapo chini: 2023 mliona nini pale mpakani? Wiki ijayo tunaangalia deni la taifa. Tusitukanane, tubishane kwa hoja.