Maji ya Bomba na Hewa: Hotuba ya Katibu kwa Wanaushirika



Tumesikia wenzetu wakisema maji ya bomba yananuka dawa, afadhali turudi mtoni. Wengine wameona ukoko mweupe ndani ya birika, wakasema maji yale si safi. Basi leo tuyapime maji yetu pamoja na hewa. Vyote viwili tunavitumia kila siku, wala hatuulizi vina nini ndani.

Hewa ni mchanganyiko. Ukiigawa mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Fungu lililobaki karibu lote ni agoni, na hewa ya ukaa kidogo sana. Mvuke wa maji nao umo. Kila kimoja kimekaa kivyake, kama mahindi na maharage ndani ya gunia moja.

Maji siyo hivyo. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikamana zikawa kitu kipya. Katika kilo 9 za maji, kilo 8 ni oksijeni, lakini mtu akizama hawezi kuivuta. Samaki je? Yeye hutumia hewa kidogo iliyoyeyuka majini. Tazameni sufuria jikoni: maji kabla hayajachemka, vipovu vidogo hushika pembeni. Ndiyo hewa hiyo inatoka.

Tena lita moja ya maji ni kilo 1, bali lita ya hewa ni gramu 1 na kidogo tu. Zibeni tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole msukume: hewa itabanana. Maji hayabanani.

Sasa maji ya bomba yamebeba nini zaidi? Kwanza chumvichumvi za ardhini, kama kalsiamu na magnesiamu. Hizo ndizo huacha ukoko na kuchelewesha povu la sabuni. Ukoko huo siyo uchafu. Pili, klorini kidogo ya kuua vijidudu. Ile harufu, ndugu zangu, ni mlinzi yuko kazini.

Maji ya mtoni yaweza kung'aa, yasinuke kitu, kumbe yamebeba kipindupindu. Jambo hili lilionekana zamani huko London, mwaka 1854. Watu waliyapenda maji ya pampu ya mtaa wa Broad Street, lakini daktari John Snow alionyesha kuwa hayo ndiyo yaliyowaua. Macho na ulimi havikuwasaidia.

Kwa hiyo tunaombana hivi:

1. Maji ya kunywa tuchote bombani.
2. Ndoo iwe na kifuniko, na tuchote kwa kata yenye mpini, siyo kutumbukiza mkono.
3. Bomba likikatika tukaenda mtoni, tuyachemshe mpaka yatokote, hata kama yanang'aa.

Kuni za kuchemshia ni ghali, tunajua. Kuzika mtoto ni ghali zaidi.



Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji