Tazama Matawi Kabla ya Kukata

Ketini vizuri, chukueni kalamu na daftari, tuanze.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutaona ya kuwa neno hili ni kweli hata katika kazi ya kompyuta. Tutajifunza jinsi ya kuorodhesha matawi ya kazi katika programu iitwayo Git.

Git ni programu inayotunza historia ya maandishi. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, katika mwaka 2005. Yeye na wenzake wengi walikuwa wakiandika programu kubwa iitwayo Linux, nao walihitaji njia ya kufanya kazi pamoja bila mmoja kuharibu kazi ya mwingine. Siku hizi Git hutumiwa na waandishi wa programu duniani kote, na wako pia watu wanaoitumia kuandika vitabu.

Sasa, tawi ni nini? Kila mara unapohifadhi kazi yako katika Git, unaacha hatua moja ya historia. Hatua hufuata hatua, kama nyayo njiani. Ukitaka kujaribu jambo bila kugusa kazi kuu, unafungua njia ya pembeni. Njia hiyo ndiyo tawi. Ukimaliza na kuridhika, unaliunganisha tawi na kazi kuu. Kazi kuu yenyewe ni tawi pia, nalo mara nyingi huitwa main. Katika kazi za zamani huitwa master.

Haya, tuchukue mfano. Tuseme watu watatu wanaandika kijitabu cha afya, nao wanatumia kompyuta moja. Ndani ya kijitabu mna ukurasa unaoeleza jinsi ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Kipimo chake mnakijua: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko cha chai. Lakini mwandishi wa ukurasa huo alibadilisha maneno. Aliandika chumvi vijiko 6, na sukari nusu ya kijiko. Angalieni hatari yake! Chumvi nyingi namna hiyo yaweza kumwua mtoto.

Mwenzake aliliona kosa. Akafungua tawi, akaliita chumvi, akasahihisha kipimo, akahifadhi. Kisha akaitwa safarini kabla ya kuliunganisha tawi lake na kazi kuu. Kesho kijitabu kinakwenda kupigwa chapa. Wewe ndiwe uliyebaki, nawe umeambiwa usafishe: matawi yote yaliyokwisha kazi yafutwe, na kazi kuu ipelekwe kwa mpiga chapa. Utafanyaje?

Mkulima wa kahawa akitaka kupogoa, huuzunguka mti kwanza. Hutazama tawi lipi limekauka na lipi lina matunda. Nawe fanya hivyo hivyo. Fungua dirisha la amri, ingia katika folda ya kazi yenu, andika maneno haya mawili:

git branch

Kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Utaona orodha kama hii:

  chumvi
  jalada
* main
  picha

Someni pamoja nami. Majina ni manne, nayo yamepangwa kwa taratibu ya herufi. Sasa tazameni kinyota kilicho kando ya main. Kinyota hicho kinakuambia mahali uliposimama. Maana yake, ukiandika na kuhifadhi sasa hivi, hatua yako itaongezwa katika tawi la main. Mtu asiyetazama kinyota ni kama mtu anayepanda mbegu usiku bila kujua kama yumo katika shamba lake au la jirani.

Lakini orodha hii ni ya majina matupu. Haituambii nini kimo ndani ya kila tawi. Basi tuongeze kistari na herufi v:

git branch -v

Tutaona hivi:

  chumvi 3f2a9c1 Sahihisha kipimo cha chumvi
  jalada 8d04e7b Badilisha rangi ya jalada
* main   b71c5d2 Ongeza ukurasa wa maji safi
  picha  52ae190 Weka picha ya kisima

Kando ya kila jina pana namba fupi ya herufi na tarakimu. Hiyo ni alama ya hatua ya mwisho ya tawi lile. Baada ya namba pana maneno aliyoyaandika mwandishi alipohifadhi hatua hiyo. Sasa mnaona faida ya kuandika maneno yaliyo wazi. Kama mwenzetu angaliandika "mabadiliko" tu, nani angalijua ya kuwa tawi lake linahusu uhai wa mtoto?

Hata hivyo, bado hatujajua jambo kubwa. Je, sahihisho hili limekwisha kuingia katika kazi kuu, au bado? Usikisie. Iulize Git yenyewe:

git branch --no-merged

Angalieni, hapa vistari ni viwili mbele ya neno no, na kimoja katikati. Amri hii maana yake ni: nionyeshe matawi ambayo kazi yake haijaunganishwa. Jibu litakuwa jina moja tu:

  chumvi

Hilo ndilo jibu tulilokuwa tukilitafuta. Kijitabu kingalipigwa chapa leo, kingalitoka na kipimo kibaya.

Lakini sikilizeni sana jambo hili. Git hupima kutoka mahali uliposimama. Ukiwa umesimama katika tawi la picha, jibu litahusu tawi la picha, wala si kazi kuu. Kwa hiyo kwanza simama katika kazi kuu kwa kuandika git switch main, kisha uulize. Amri hii ya switch iliingizwa katika Git mwaka 2019. Katika kompyuta yenye Git ya kale zaidi, andika git checkout main.

Tukiisha kujua, tunaunganisha:

git merge chumvi

Kisha funguo ukurasa, soma kipimo kwa macho yako. Sukari 6, chumvi nusu. Vema. Uliza tena git branch --no-merged. Safari hii Git haitaandika jina lolote. Kunyamaza kwake ndiko jibu: hakuna kazi iliyoachwa nje.

Sasa tunaweza kufuta. Ili kujua matawi ambayo kazi yake imekwisha kuingia, andika git branch --merged. Kufuta tawi la jalada, andika:

git branch -d jalada

Herufi d ni ndogo. Kwa tawi lililomo katika kompyuta yako tu, Git itaangalia kwanza kama kazi yake imeunganishwa. Kama haijaunganishwa, itakataa. Huo ni ulinzi wako. Ukiandika D kubwa, Git haitaangalia, itafuta tu. Herufi ni ile ile, tofauti yake ni ukubwa, lakini moja huuliza na nyingine haiulizi. Basi msizoee D kubwa.

Huenda mtauliza: na mtu akiisha kulifuta tawi lisilounganishwa, kazi imepotea? Jibu: si mara moja. Tawi katika Git ni jina tu, linaloelekeza kwenye hatua ya mwisho. Ukilifuta unaondoa jina. Hatua zenyewe hubaki kwa muda kabla ya kusafishwa. Git inapofuta hutaja namba fupi ya hatua ile. Iandike katika daftari. Kama ulifuta chumvi kwa bahati mbaya, andika git branch chumvi 3f2a9c1, na jina litarudi mahali pake. Lakini asiyekuwa na namba atatafuta kwa taabu.

Neno la mwisho ni juu ya wale wanaofanya kazi kwa kompyuta mbalimbali. Amri ya git branch peke yake huonyesha matawi ya kompyuta yako tu. Kama mwenzako yuko mji mwingine na tawi lake liko katika ghala kuu la mbali, hutaliona. Andika git branch -r uone matawi ya ghala. Majina yake mara nyingi huanza na origin. Ukitaka yote, ya kwako na ya ghala, andika git branch -a.

Lakini orodha hiyo ya ghala ni kumbukumbu ya siku ulipowasiliana nalo mara ya mwisho. Ni kama barua: inakupa habari za siku ilipoandikwa. Kupata habari mpya, andika kwanza git fetch --prune. Hapo majina mapya huletwa, na majina yaliyokwisha kufutwa ghalani huondolewa katika orodha yako. Kisha, kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa, simama katika main, uandike:

git branch -a --no-merged

Hapo utaona kila tawi ambalo bado liko nje, la karibu na la mbali. Kila jina utakaloliona, muulize mwenyewe: kazi hii tuiache au tuiingize?

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu, kisha myazungumze darasani.

1. Kinyota katika orodha ya matawi kina maana gani?
2. Kwa nini ni lazima kujua uliposimama kabla ya kuuliza matawi yasiyounganishwa?
3. Kuna tofauti gani kati ya d ndogo na D kubwa?
4. Mwenzako anasema, "Nimetazama orodha ya ghala, hakuna tawi jipya." Utamwuliza nini kabla ya kumwamini?

Wenye kompyuta, fanyeni matawi matatu ya majaribio, unganisheni mawili, kisha mtazame Git itawaambia nini. Msiogope, kazi ya kutazama orodha haiharibu kitu.

Basi, wasikilizaji, somo la leo limekwisha. Kumbukeni: kwanza orodha, ndipo panga.