Kona ya Kusini-Mashariki: Juu ya Uzoefu wa Wafukuzia Dhoruba



Nianze na neno, maana limenisumbua tangu nilipokubali kutoa mhadhara huu. Ukisema "mfukuza dhoruba", Mswahili atafikiri unamsema mganga wa mvua, yule anayesimama uwanjani na kuliamuru wingu likanyeshe kwa jirani. Watu ninaowazungumzia hawaifukuzi dhoruba iondoke. Wanaifukuzia, kama kijana anavyomfukuzia binti wa watu: kwa mafuta ya fedha yake mwenyewe, kwa usingizi wa mang'amung'amu, na mara nyingi kwa kurudi mikono mitupu. Basi na tuwaite wafukuzia dhoruba.

Na dhoruba yenyewe? Sisi tuna kimbunga, na tuna chamchela, ule upepo unaozungusha vumbi na majani kwenye viwanja vya shule. Ninayoizungumzia si hiki wala hicho. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, tulikitazama kwenye picha za satelaiti siku kadhaa kabla hakijafika Mafia. Tonado haikupi nafasi hiyo. Ni nguzo ya upepo inayoning'inia kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, nyingi hudumu dakika chache tu, na asubuhi yake hakuna awezaye kukuambia itapita shamba la nani. Uwanja wake mashuhuri ni tambarare za katikati ya Marekani, kuanzia Texas na Oklahoma hadi Dakota. Anayetaka kuijua huna budi kumtuma huko, na akifika huko hana budi kuifuata.

David Hoadley alianza kuzifuata mwaka 1956 huko Dakota Kaskazini, na mwaka 1977 akaanzisha jarida dogo, Storm Track, ili wenzake wachache waandikiane. Wanasayansi nao waliingia barabarani. Tarehe 24 Mei 1973 watafiti wa Oklahoma waliipiga picha tonado ya Union City tangu kuzaliwa hadi kufa, rada ya Doppler ikiitazama kwa wakati uleule. Walipolinganisha picha na vipimo, waliiona kwenye rada alama ya mzunguko ambayo hadi leo huwasaidia watabiri kutoa tahadhari.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: kama rada ipo, watu wanaendelea kwenda kutafuta nini? Jibu ni kwamba dunia ni mviringo. Mwali wa rada ukisafiri kilomita mia moja, umeshapanda zaidi ya kilomita moja juu ya vichwa vya watu. Kinachotendeka chini ya hapo, pale penye nyumba na ng'ombe, rada ya mbali haikioni. Tafadhali liwekeni jambo hili kiporo, nitalirudia.

Sasa, mzoefu ni nani? Watu wengi humdhania kuwa mtu jasiri. Mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma habari zao, naona ni mtu wa kungoja. Asubuhi anasoma ramani: unyevu wa Ghuba ya Mexico umefika wapi, hewa kavu ya magharibi imekaa wapi, upepo wa juu unapishanaje na wa chini. Kisha anaendesha kilomita mia tano, anaegesha kwenye kituo cha mafuta, anakaa. Juu yake kuna tabaka la hewa ya joto lililofunika anga kama mfuniko wa sufuria. Mfuniko ukifunguka saa kumi jioni, dhoruba hiyo. Usipofunguka, ameambulia anga la buluu na soda ya moto. Siku za namna hii ndizo nyingi, na ndizo zinazomchuja mtu.

Lakini elimu anayoitegemea zaidi mzoefu haiko mawinguni. Iko barabarani. Sehemu kubwa ya tambarare zile imekatwa miraba, barabara kila maili moja, kama daftari la hesabu. Anayejua kazi hajiulizi tonado iko wapi kabla hajajiuliza atatokea wapi: barabara ipi ni ya lami, ipi ni ya udongo itakayogeuka utelezi mvua ikigusa, mto unavukwa wapi, mafuta yamebaki kiasi gani, jua linazama saa ngapi. Na kwa kuwa dhoruba nyingi za huko huelekea kaskazini-mashariki, walizoea kusimama kona ya kusini-mashariki. Hapo unaiona bila pazia la mvua, nayo inapita mbele yako badala ya kukujia.

Hesabu hiyo ilifanya kazi kwa muda mrefu kupita nilivyotarajia. Mfukuzia wa kwanza anayejulikana kufa katika shughuli hii, mwaka 1984, alikufa kwa ajali ya gari. Aprili 2022 wanafunzi watatu wa hali ya hewa walikufa Oklahoma wakirudi kutoka kutazama tonado. Gari liliteleza kwenye barabara iliyolowa. Wafukuzia wenyewe wakipanga hatari zao huanza na barabara, kisha radi, ndipo tonado. Tangu Hoadley alipoanza hadi mwaka 2013, hajulikani mfukuzia hata mmoja aliyeuawa na tonado yenyewe.

Tim Samaras alikuwa mhandisi wa Colorado asiye na shahada, jambo ninalolitaja kwa furaha mbele ya hadhara hii ya majoho. Alibuni vipimo vya chuma vilivyo bapa, vilivyopewa jina la utani la kobe. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, Dakota Kusini, alimtega kobe mmoja barabarani mbele ya tonado, akaingia garini, akaondoka. Sekunde 82 baadaye tonado ilipita juu ya kobe. Kanieneo ya hewa ilishuka kwa hektopaskali 100. Ni kama kunyanyuliwa kutoka ufukwe wa Tanga hadi Moshi mjini kwa kufumba na kufumbua.

Huyo ndiye mtu aliyekufa El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Tonado ya siku ile kwanza ilielekea kusini-mashariki, kwenye kona ileile waliyozoea kusimama wazoefu. Kisha ikageuka kushoto, ikaongeza mwendo, ikatanuka hadi kilomita 4.2, upana ambao haujawahi kupimwa mahali pengine, huku mvua ikiificha. Gari lao dogo lilikuwa likielekea mashariki kwenye barabara ya changarawe. Wote wanane waliouawa na tonado ile walikuwa magarini.

Baadhi ya watu walinena habari za uzembe. Sikubali. Samaras alifahamika kwa tahadhari yake. Uzoefu ni kumbukumbu ya dhoruba zilizopita, na tonado nyingi alizozipita zilikuwa na upana wa mita mia chache. Umbali unaomtosha mtu mbele ya hizo, El Reno ulikuwa ndani ya tonado. Aliyeijua kazi miaka ishirini na aliyeianza wiki ile walipewa dakika zilezile.

Baada ya msiba, Anton Seimon, aliyewahi kufanya kazi na Samaras, aliwaomba wafukuzia wote waliokuwepo wampe video zao. Zilitoka kwa wakongwe na kwa wageni, na saa za kamera hazikulingana. Yeye na wenzake wakazipanga kwa radi: mmweko mmoja ulioonekana kwenye kamera kumi ni nukta moja ya wakati. Zilipolinganishwa na vipimo vya rada, picha zilionyesha tonado imeshagusa ardhi kabla rada haijaitambua, kule chini ambako mwali haukufika.